Gata la Mita Tano

Tulifika Newala na futi ya mita hamsini,
watu watatu na ngazi ya kuazima kwa fundi Chilumba,
kupima kiwanda cha korosho kilichonyamaza
kabla mama yangu hajamjua baba yangu.

"Shika sifuri," aliniambia Nangumbi.
Nikashika sifuri ukutani.
Yeye akaenda na namba, akapotelea gizani,
sauti yake ikarudi pamoja na popo wawili:
arobaini na nane, nukta nne.
Upana: ishirini na tano kamili.
Kenchi: nzima. Bati: limechubuka, halijaoza.
Nikaandika vyote, nikajiona mjuzi.

Mlangoni aliketi Bi Somoe Likwachala,
mlinzi asiyelipwa,
ameshika ufunguo wa kufuli lililokwisha kuibwa.
Tulimwomba atie dole gumba kwenye fomu ya chuo.
Wino ukaacha duara tupu, laini kama kigae.
"Mafuta ya ganda," akasema. "Miaka kumi na mmoja nabangua.
Alama zangu zimo humo ndani.
Mkiziona, zipimeni nazo."

Usiku, gesti, chini ya taa inayozimika-zimika,
tulichora maktaba.
Tulichora ukumbi, mkahawa, ngazi ya kioo,
uwanja wenye benchi za zege,
na watu wa karatasi, wembamba, wasio na haraka,
mmoja wao akitembeza mbwa kwa kamba.
(Nani Newala anatembeza mbwa kwa kamba?
Hatukuuliza. Ndivyo wanavyochorwa.)

Asubuhi tukamtandazia.
Aliigeuza karatasi juu chini, akaigeuza tena,
akaitazama kama mtu anayetazama kitambaa
ambacho hajaamua kukinunua.
"Na maji ya paa hili," akauliza, "yanakwenda wapi?"

Kimya.
Mchoro wetu ulikuwa na mbwa. Haukuwa na mvua.

Akatusimulia bila kupandisha sauti:
huku juu mchanga unakunywa kwanza, watu baadaye.
Mama yake aliteremka bondeni na mtungi jogoo la kwanza,
akapanda na jua utosini,
na aliyejikwaa njiani alirudi chini kuanza upya.
Naye mwenyewe, zamu za masika,
alisimama mezani na vidole vinawaka,
akisikia mto mzima ukipita juu ya kichwa chake,
ukimwagika nje, ukizama.

Milimita moja ya mvua, mita moja ya mraba: lita moja.
Hesabu ya shule ya msingi.
Arobaini na nane nukta nne, mara ishirini na tano,
ni lita elfu moja mia mbili na kumi
kwa kila milimita,
nasi tulikuwa tunapanga mkahawa.

Tukafuta.
Kioo kikaenda, mbwa akaenda na kamba yake.
Pale zilipokuwa meza za kuchambulia
tukachimba tangi, kwa penseli.
"Sogeza," alisema Bi Somoe, "hapo pana mfereji wa zamani,
mnachimba kilichokwisha chimbwa."
Tukasogeza. Ulikuwepo, umejaa maganda.
Maktaba tukaibanza ukuta wa mashariki,
kivulini, karibu na bomba,
maana anayesubiri ndoo ijae ana muda wa kusoma.

Siku ya kutetea kazi, mwalimu alizunguka meza mara mbili.
"Gata, mabomba, benchi. Jengo lenu liko wapi?"
Nangumbi akajibu: "Tulilikuta."
Wengine walicheka. Tukapata sitini na moja.

Lakini kabla ya kuondoka Newala
fundi Chilumba alitukunjia bati kuukuu,
tukafunga kwa waya gata la mita tano tu,
kona moja ya paa, na pipa la buluu chini yake.
Halikuwamo kwenye mchoro.

Mwezi wa kumi na mbili simu iliita, namba nisiyoijua,
nyuma yake mshindo kama korosho zinamwagwa sakafuni.
Hakunisalimu.
"Limejaa," alisema. "Limejaa, linamwagika, nimeishiwa ndoo.
Nyie watoto,
mlishindwaje kuleta pipa la pili?"